Gari Hili ni Jekundu

Asubuhi Bancha alipolileta lile gari, Kamthorn alikuwa barazani kwake, pembezoni mwa mji wa Chiang Mai, akinywa uji wa wali kwa yai la bata la chumvi. Ulikuwa msimu wa moshi. Mashamba ya milimani yalikuwa yakichomwa, na jua lilining'inia juu ya paa za majirani likiwa na rangi ileile ya kiini cha yai lake. Hakuna aliyelishangaa. Kila mwaka lilikuwa hivyo.

Kamthorn alikuwa mkaguzi wa magari. Alisomea uhandisi chuo kikuu, akafundisha kidogo, kisha akaajiriwa na jarida moja la magari na hakutoka tena. Wakaguzi vijana walizunguka na gari mitaa michache, wakasifu taa zake na kwenda zao. Yeye alipima. Alikuwa na kipimo cha kelele, kipimo cha unene wa rangi, masanduku ya kujaza buti, na desturi ya kulipandisha kila gari kwenye mizani ya malori ya kinu kimoja cha mpunga, kwani aliamini kwamba vipeperushi vya wauzaji huandikwa na watu wasio na haya.

Gari la siku hiyo lilikuwa Orvela, toleo lililosanifiwa upya: la kifahari, dogo kwa umbo lakini limeinuka, la mtu anayetaka kufika mlimani bila kuchafua viatu. Lilikuwa jeupe, weupe wa lulu. Bancha, afisa uhusiano wa kampuni iliyoliingiza nchini, alishuka na kulipiga kofi la mapenzi kwenye boneti, mfano wa mtu anayenadi ng'ombe.

"Kaka Kam, hili si gari. Hili ni mke wa pili."

"Saengdao akikusikia utalala kwenye buti."

"Hilo buti ulione kwanza! Nitalala nimenyoosha miguu."

Saengdao, mke wa Kamthorn, alicheka kule jikoni akauliza kama Bancha amekula. Hakuwa amekula. Akaletewa uji katika bakuli la samawati, bakuli ambalo watu wa nyumba ile waliliita la Bancha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitumia kwa miaka ishirini.

Urafiki wao ulianzia kwenye nyota. Wote wawili walizaliwa Jumatano baada ya jua kutua, saa ambazo watabiri wa huko huzihesabu kuwa siku ya nane ya juma; kila siku huipa rangi yake, na hii wameipa nyeusi. Walipogundua hivyo, wakiwa vijana, walikwenda hekaluni pamoja wakanunua hirizi mbili nyeusi zinazofanana. Kamthorn aliivaa yake kwa mkufu. Bancha aliifunga yake kwa kamba, ikabana chini ya koo, na tangu hapo hakuivua hata kuoga.

"Unene umekuzidi, mdogo wangu," Kamthorn alimwambia asubuhi ile. "Hiyo kamba siku moja atakuvua daktari kwa mkasi."

Bancha aliigusa kamba. Hakucheka.

Kamthorn alianza kazi. Alizungusha kipimo cha rangi kwenye milango, paa na boneti. Pembe ya mbele kushoto rangi ilikuwa nene karibu mara mbili ya kwingine.

"Hapa pamepakwa upya?"

"Haya ya kwanza kutoka kiwandani hupakwa kwa mkono, kaka. Usiliandike hilo, tafadhali."

Kamthorn aliridhika, maelezo yale yaliwezekana. Kilichomchekesha kilikuwa nyuma. Juu ya bampa palikuwa na stika ndogo yenye maandishi: GARI HILI NI JEKUNDU. Stika za namna hiyo ni za kawaida kule. Mtu akiambiwa na mtabiri kwamba rangi ya gari lake inapingana na siku aliyozaliwa, hana haja ya kuuza gari; hubandika maneno yanayotaja rangi nyingine, na nguvu zisizoonekana, ambazo inasemekana husoma na kuamini, humpita bila kumgusa. Lakini aliyebandika huwa ni mwenye gari. Gari la majaribio la kampuni halina mwenyewe.

"Nani kaweka hii?"

"Mkurugenzi. Unamjua alivyo mwoga." Bancha aliinamia bakuli lake. "Ukifika juu, pale kwenye kona yenye reli mpya ya njano ya ukingoni, bonde linaonekana vizuri. Piga picha pale. Na uibandue hiyo stika kabla ya kupiga, inaaibisha. Ibandue wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Kamthorn aliwasha gari. Katikati ya dashibodi skrini pana iliamka, ikaonyesha picha ya gari lenyewe likizunguka taratibu. Kwenye picha gari lilikuwa jekundu. Akaandika kichwani: kasoro ndogo, picha hailingani na rangi.

*

Kinu cha mpunga kilikuwa njiani, kabla ya barabara ya kwenda Pai kuanza kupanda mlima. Mwenye kinu, Buakhiao, mjane mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwona tangu mbali.

"Mwalimu! Umeniletea tena nguruwe wa kupima?"

"Nguruwe wa kifahari leo, shangazi."

"Nimemwona. Mweupe kama bibi arusi. Panda basi, na usiniharibie mizani kwa kujaa kiburi."

Alilipandisha gari, tangi likiwa limejaa, yeye mwenyewe ndani. Mizani ya malori husoma kwa kilo kumi kumi, hivyo hakutegemea usahihi wa duka la dhahabu. Aliondoa uzito wake, wa mafuta na wa masanduku. Kilichobaki kililingana na kipeperushi. Alishangaa kukuta kampuni iliyosema kweli.

Sokoni mbele kidogo alinunua koja la asumini, vichipukizi vimefumba bado, na waridi moja likining'inia mwishoni. Hili hakulifanya kwa ajili ya jarida. Marehemu mama yake, aliyeendesha mashua sokoni ujana wake wote, alimfundisha kwamba kila chombo kinachobeba watu kina mama yake asiyeonekana anayekaa ndani yake, na asiyembishia hodi ni mtu asiye na adabu. Katika kila gari alilowahi kukagua, Kamthorn alitundika koja kwenye kioo cha ndani na kusema maneno yaleyale. Vijana wa ofisini walimtania kwa hilo. Bancha hakumtania kamwe. Bancha aliwahi hata kumshikia koja.

Alilitundika, akaweka viganja pamoja.

"Mama wa gari hili," alisema, "yeyote uliyemo, mimi ni mgeni wako. Karibu ukae nami. Nisindikize salama mpaka nyumbani kwangu."

Kisha akaiwasha simu irekodi, kama kawaida yake, na kuanza kupanda mlima huku akisema aliyoyaona.

Gari lilikuwa zuri. Ni lazima hilo lisemwe. Usukani ulikuwa na uzito wa kutosha, injini ya petroli na ile ya umeme zilipokezana bila kugusana mabega, na kelele ya matairi iliishia mlangoni. Viti vya ngozi vilishika mwili vizuri kwenye kona. Barabara ile ina kona nyingi kuliko subira ya abiria wengi, na Orvela ilizipita zote kwa utulivu. Kamthorn alianza kuitunga makala kichwani, na ilikuwa makala ya sifa.

Kwenye kona yenye reli ya njano alisimama. Moshi ulikuwa umelifunika bonde. Hapakuwa na mandhari ya kupiga picha. Alishangaa kwamba Bancha, mzaliwa wa huko, alisahau kwamba msimu huu bonde halionekani. Lakini alikuwa ameombwa. Alikwenda nyuma, akaingiza ukucha chini ya stika, akaivuta. Ilitoka nzima. Aliitia mfukoni.

Ndipo alipoiona ile reli vizuri. Makoja yaliyokauka yalifungwa pale, mengi, mengine yamegeuka kahawia, mengine unga. Chini yake zilipangwa chupa za soda nyekundu, kila moja na mrija wake, sadaka wanayowekewa waliokufa barabarani. Soda ilikuwa imejaa vumbi.

Mirija ilikuwa imelowa.

*

Alirudi ndani haraka kuliko ilivyohitajika. Skrini iliwaka. Picha ya gari ilizunguka taratibu kama asubuhi.

Sasa ilikuwa nyeupe.

Aligeuza, akaanza kushuka. Alijiambia kwamba mitambo ya kisasa hujirekebisha yenyewe. Alijiambia pia kwamba harufu ya asumini huzidi kiyoyozi kinapofanya kazi. Akainua macho kwenye kioo. Vichipukizi vyote vya koja vilikuwa vimefunguka. Vyote, kwa pamoja, katika baridi ile.

Kengele ya mkanda ililia. Taa ndogo ilionyesha kiti cha abiria. Aligeuka. Hapakuwa na mtu, hata mkoba. Ngozi ya kiti, iliyokuwa imekaza asubuhi nzima, ilikuwa imebonyea katikati.

Gari likapiga breki.

Hakuigusa yeye. Gari lilifunga breki lenyewe, kifua chake kikapigwa na mkanda, na kwenye skrini ikatokea alama ya mtu mbele ya bampa. Barabara ilikuwa tupu. Moshi tu. Alama ya mtu ilisogea polepole kutoka mbele, ikapita pembe ya kushoto, pale rangi ilipokuwa nene, ikaja upande wa abiria.

Ikatoweka.

Kengele ya mkanda ilinyamaza. Kama vile mtu amejifunga.

Kamthorn hakukimbia. Aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele, kwa adabu ya mtu aliyekaa karibu na mgeni asiyemfahamu. Hakusema neno tena kwenye simu. Alipofika kwenye kinu hakusimama kwa kuamua. Mikono ilipinda yenyewe kwa mazoea. Akapanda kwenye mizani.

Buakhiao alitazama namba, akatazama gari, akavua miwani akaifuta.

"Mwalimu, umenunua nini huko juu?"

"Sijanunua kitu, shangazi."

"Mizani haina ugomvi na mtu."

Kamthorn alitoka, akasoma mwenyewe. Alifanya hesabu. Mafuta yalikuwa yamepungua, gari lilipaswa kuwa jepesi. Aliirudia hesabu mara nyingine, kwa sauti, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Mabaki hayakuondoka. Kilo arobaini, pengine na kidogo.

"Hilo ni gunia dogo," alinong'ona Buakhiao. "Au msichana mwembamba." Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Usilizime hapa kwangu, mwalimu. Nakuomba. Ondoka nalo."

Kando ya barabara, mbali na kinu, alisimama akasikiliza alichorekodi. Sauti yake ilisema viti vya ngozi vinashika mwili vizuri. Kukawa na kimya kifupi. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, chini chini, kama anayeuza dirishani:

"Maua, mjomba. Mabichi."

Sauti yake ikasifu usukani.

"Maua, mjomba."

Mwishoni kabisa, baada ya yeye kunyamaza, baada ya breki, palikuwa na pumzi tu, ndefu. Halafu:

"Nyumbani kwako ni wapi?"

*

Nyumbani kwake alikuwa Saengdao, peke yake, akimenya vitunguu saumu. Ndiyo sababu Kamthorn hakwenda nyumbani. Alikuwa amemwambia huyo aliye kitini amsindikize mpaka kwake. Amemwalika kwa mdomo wake, amemtundikia maua kwa mkono wake. Alichotaka sasa ni mtu wa kumwambia jinsi ya kuufuta mwaliko ule, na mtu pekee aliyemjia akilini alikuwa Bancha. Hata hapo bado alimfikiria kama msaada.

Nyumba ya Bancha ilikuwa na ukuta na lango la chuma. Lango lilikuwa la kijivu. Katikati yake palikuwa na stika mpya: LANGO HILI NI LA KIJANI. Kamthorn alisimama akaitazama. Kupitia nondo aliona gari la Bancha, la fedha: GARI HILI NI LA NJANO. Aliona pikipiki, mashine ya kukata majani, baiskeli ya mjukuu. Kila kimoja kilikuwa na stika. Kila kimoja kilidanganya.

Alielewa kabla hajaita.

Bancha alitokea barazani. Hakushuka ngazi.

"Kaka Kam. Umekuja na nani?"

Lilikuwa swali la mtu anayejua jibu.

"Fungua lango, Bancha."

"Umekuja na nani?"

"Yule uliyenipa."

Bancha alikaa kwenye ngazi, hatua chache tu kutoka langoni. Walizungumza kupitia nondo, chini chini, kwa sababu mjukuu alikuwa amelala ndani.

"Ilikuwa kabla ya uzinduzi," alisema Bancha. "Nililichukua nikalipige picha kabla ya watu wote. Alikuwa anauza maua pale konani. Alivuka. Sikumwona, kaka, naapa."

"Ulisimama?"

Bancha aliishika kamba ya hirizi shingoni.

"Ulisimama, Bancha?"

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Ulishuka ukatazama?"

"Si lazima ushuke ili ujue." Aliufunika uso. "Alianza kuja. Kila siku, mchana, jua linawaka. Mtabiri akaniambia hakuuona uso wangu, aliona gari jeupe tu. Akasema nijifiche kwa stika. Lakini stika haziondoi mtu, zinamzungusha tu. Akasema nimpe mwenyeji mwingine, wa nyota yangu, Jumatano ya usiku. Ambandulie stika mwenyewe. Amkaribishe mwenyewe, kwa moyo mweupe. Asiyemaanisha hatakubaliwa."

Kamthorn alishika nondo za lango.

"Kwa hiyo ukanifikiria mimi."

"Nani mwingine, kaka? Hawa vijana wangemcheka. Wewe peke yako ndiye ungemwambia karibu."

"Miaka ishirini umekula kwangu."

"Ndiyo maana nilijua."

Alilisema bila ukatili, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alilisema kama mtu anayesifu kifaa kisichowahi kumwangusha. Kamthorn aliirudisha akilini asubuhi nzima, kipande kwa kipande: bakuli la samawati, utani wa mke wa pili, "ibandue wewe mwenyewe." Akakumbuka siku Bancha alipomshikia koja. Alidhani ilikuwa heshima kwa mama yake. Pengine siku ile ilikuwa heshima. Hakuwa na namna ya kujua tena, na huo ulikuwa wizi mwingine juu ya wizi.

"Nenda polisi," alisema.

"Nina mjukuu."

"Nitakwenda mimi."

"Nenda. Ila yeye amekwisha kuwa wako. Kama humtaki, fanya kama mimi. Tafuta mtu anayekuamini."

Kamthorn aliutupa ufunguo wa Orvela kupitia nondo. Bancha aliruka pembeni kama aliyetupiwa nyoka. Gari jeupe liliachwa mbele ya lango, injini imezimwa, na Kamthorn akatembea mpaka barabarani akasimamisha pikapu ya abiria. Alikaa nyuma kwenye benchi, peke yake. Dereva alichungulia kioo, akapaza sauti:

"Mjomba, mwambie dada ashike chuma. Kona za huku kali."

*

Kamthorn hakuingia nyumbani. Pikapu yake kuukuu ilikuwa chini ya paa la bati kando ya nyumba. Alikaa ndani yake, akaacha mlango wa abiria wazi kwa muda, kisha akaufunga taratibu. Jua la moshi lilikuwa bado juu. Kupitia dirisha la jikoni alimwona Saengdao akitwanga pilipili.

Alikuwa na njia mbili, na alizipima kama alivyopima kila kitu. Angeweza kubandika stika, kuishi ndani ya uongo kama Bancha, na kumtafutia mgeni wake mwenyeji mwingine. Alijua tayari ni nani: kijana mmoja wa ofisini aliyemwita baba, ambaye angeshika koja lolote aliloambiwa ashike. Jina lilimjia upesi mno. Hilo lilimtisha kuliko kile kiti cha pembeni.

Akaamua kutodanganya.

"Binti," alisema. Hakujua amwiteje; akaona hilo linatosha. "Nilikukaribisha, na sikukukaribisha kwa hila. Sitakufukuza na sitakuficha rangi ya kitu chochote. Lakini si mimi niliyekugonga. Humu ndani yuko mke wangu, hakukosea kitu. Aliyekugonga bila kusimama anaitwa Bancha. Ni yule aliyekaa kwenye ngazi leo. Lango lake ni la kijivu. Gari lake ni la fedha. Kesho asubuhi nitakwenda polisi niyaseme haya haya, na kila mwaka nitakuletea maua pale konani. Zaidi ya hapo sina."

Kiti cha pembeni kilitoa sauti ndogo ya ngozi inayojinyoosha. Au ilikuwa bati la paa likipoa.

Akaingia ndani. Saengdao aliweka chakula. Alitenga mabakuli mawili, na Kamthorn alipoona ni mawili tu, machozi yalimlengalenga, mke akadhani ni pilipili.

Asubuhi alichukua ufunguo aende polisi kama alivyoahidi. Alipofungua mlango wa pikapu alisimama.

Kwenye kioo cha ndani palitundikwa koja.

Kwa mbali lilikuwa la asumini. Mpangilio ulikuwa wa fundi, vichipukizi vyeupe vimekazana sawasawa kwenye uzi. Alisogea. Hayakuwa maua. Kila kichipukizi kilikuwa kipande cha karatasi laini kilichoviringwa kwa vidole vidogo sana. Alikikunjua kimoja. GARI HILI NI LA NJANO. Akakunjua kingine. LANGO HILI NI LA KIJANI. Alipapasa mfuko wa suruali, ileile ya jana, ambamo alitia stika aliyoibandua konani.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Alimpigia Bancha. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Iliita mpaka ikakata.

Hakwenda polisi moja kwa moja. Kwanza alipita kwenye kinu, kwa kuwa palikuwa na jambo moja ambalo aliweza kulijua kwa hakika. Pikapu hiyo aliufahamu uzito wake kama anavyofahamu umri wake. Buakhiao alisoma namba kutoka mbali, hakutaka kusogea. Hakuna kilichozidi.

"Leo uko peke yako, mwalimu," alisema, akashusha pumzi. "Afadhali."

Kamthorn hakusema afadhali. Alikuwa ametaja jina. Alilitaja kwa sababu lilikuwa kweli. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na hesabu ilionekana sawa. Lakini alikuwa ametaja pia lango, na rangi ya lango, na ngazi. Kwa nini alitaja ngazi?

Alinyoosha mkono aliondoe lile koja. Lilikuwa zito upande wa chini, pale ambapo kwa kawaida huning'inia waridi. Aliligeuza kwenye mwanga.

Ilikuwa hirizi nyeusi.

Mkono wake uliruka shingoni. Yake ilikuwepo, kwenye mkufu wake, ikiwa ya baridi. Hii nyingine ilikuwa na kamba. Aliitazama kamba mzunguko mzima, taratibu, akitafuta mahali ilipokatwa. Haikukatwa popote. Fundo la zamani lilikuwa limekazwa vilevile, limeng'aa kwa jasho la miaka, na duara lake lilikuwa dogo, dogo mno kupita kwenye kichwa cha mtu.